Gari la dizeli linalosumbua kuwaka asubuhi na kuishiwa nguvu mlimani: kabla hujang'oa pampu

"Shikamoo mtaalamu. Ninaendesha watalii hapa Arusha na gari ni langu mwenyewe, Toyota Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1996, injini ya 1HZ isiyo na tabo. Kwa miezi kadhaa sasa, asubuhi napiga stata muda mrefu haliwaki mpaka nipampu kwa mkono pale juu ya filta. Likishawaka linatulia, na mchana kutwa linawaka kwa mguso mmoja. Ila nikipanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu nikiwa na wageni na mizigo, linaishiwa nguvu na kushtukashtuka, nakanyaga mafuta halijibu. Nikirudisha gia na kulegeza mguu linarudi. Hali huwa mbaya zaidi tenki likiwa chini ya nusu. Nimebadilisha filta mara mbili, na baada ya ile ya pili asubuhi zimekuwa ngumu zaidi. Chini ya gari hakuna hata tone la dizeli. Fundi wa kwanza anasema pampu imekufa ing'olewe, na gharama aliyonitajia ni mapato yangu ya karibu miezi miwili. Wa pili anasema nozeli. Wa tatu anasema ni mafuta machafu. Nimsikilize nani?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniletea magari yao mlangoni, na maelezo yako yana ushahidi mwingi kuliko unavyodhani. Nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usikubali pampu ing'olewe wiki hii. Sisemi haiwezi kuwa mbovu, kwa kuwa gari la mwaka 1996 lililozunguka mbugani miaka yote hiyo linaweza kuwa na ubovu wowote. Nasema hivyo kwa sababu dalili ulizozitaja zinaelekeza kwingine, yaani kwenye njia ya mafuta kutoka tenki hadi pampu, na njia hiyo inaweza kupimwa kwa dumu la lita kumi na mita mbili za mpira, bila kufungua chochote cha gharama.

Nianze na lile tone ambalo hulioni. Wengi wetu tumezoea kwamba kitu kinachovuja hulowanisha chini, na pasipo na unyevu hakuna uvujaji. Kwa bomba la maji la nyumbani ni kweli, kwa sababu maji yale yanasukumwa. Katika injini yako ya 1HZ dizeli haisukumwi kutoka kwenye tenki; inavutwa. Pampu ya gari hili ni ya mzunguko, ya muundo wa VE uliobuniwa na Bosch na kutengenezwa kwa Toyota na Denso, na ndani yake mna pampu ndogo ya mapanga inayofyonza dizeli kupitia filta, kupitia bomba la chuma lililopita chini ya gari, hadi ndani ya tenki. Hakuna pampu nyingine inayosaidia njiani, isipokuwa ile ya mkono ambayo hufanya kazi pale tu unapoibonyeza. Kwa hiyo injini inapozunguka, njia yote hiyo iko katika hali ya kunyonywa, sawa na mrija ulioutia kwenye soda. Mrija ukiwa na tundu juu ya soda, soda haidondoki nje. Unachopata mdomoni ni hewa. Ndivyo gari lako linavyoweza kuwa na mpira uliopasuka kwa mwaka mzima na sakafu ya gereji ikabaki kavu.

Hewa hiyo hufanya madhara ya aina mbili, moja usiku na nyingine mlimani. Usiku gari limesimama, hakuna anayenyonya, na dizeli iliyomo kwenye mabomba ina uzito wake. Ikipata mahali hewa inapopenya, hata pembamba kama unywele, hurudi polepole kuelekea tenki lililo chini, na asubuhi pampu hukuta hewa badala ya mafuta. Hewa hugandamizwa, dizeli karibu haigandamizwi kabisa. Nozeli, yaani kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, haifunguki mpaka mgandamizo upande zaidi ya mara mia moja ya ule wa hewa tunayovuta, na povu haliwezi kufikisha nguvu hiyo. Ndiyo maana unapiga stata hadi betri inachoka, kisha unabonyeza pampu ya mkono mara ishirini na gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Ulichofanya hapo ni kuijaza tena njia iliyokauka. Hukutibu pampu, wala hukutibu nozeli.

Sasa mlimani. Barabara ya kutoka Arusha hadi Makuyuni, na kutoka hapo hadi Mto wa Mbu, haiidai injini nguvu nyingi, na pampu hunywa kidogo kidogo. Ukianza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa na gari limejaa watu, unakanyaga hadi chini, injini inadai dizeli nyingi kuliko wakati wowote wa safari, na mnyonyo ndani ya mabomba unaongezeka. Wakati huohuo pua ya gari imeinuka. Tuseme kutoka tenki hadi pampu ni mita mbili na nusu na mlima unapanda mita 8 katika kila mita 100. Hapo pampu imepanda karibu sentimita 20 zaidi juu ya tenki kuliko ilivyokuwa tambarare. Tundu ambalo tambarare lilipitisha hewa ya kuvumilika sasa linapitisha ya kuzimisha. Ukilegeza mguu na kurudisha gia, mahitaji yanapungua, povu linapita, gari linarudi. Kwa maelezo yako tu, hata kabla ya kuliona gari, hili ndilo ningeliweka la kwanza.

Taarifa yako ya tenki chini ya nusu ni ya thamani kubwa, na sijui kama hao mafundi watatu uliwaambia. Inaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kwamba usawa wa mafuta ukishuka, kina cha kuyavuta kinaongezeka, kwa hiyo tundu lolote lililo njiani linaonekana zaidi. Ya pili, ambayo nimeiona katika magari ya umri huu, ni kutu kwenye bomba la kunyonyea lililozama ndani ya tenki lenyewe. Bomba hilo hutoboka sehemu ya juu, mahali ambapo mafuta na hewa hupokezana kila siku. Tenki likijaa, tundu limefunikwa na dizeli na halina madhara. Likishuka chini ya tundu, gari linaanza kunywa hewa. Hakuna kubadilisha filta kutakakogusa tatizo hilo, wala kutengeneza pampu.

Kuhusu filta, umesema baada ya kubadilisha mara ya pili asubuhi zimekuwa ngumu zaidi. Liangalie kwa makini. Chini ya filta ya gari lako kuna kihisio cha maji ambacho fundi hukifungua kwenye filta kuukuu na kukifunga kwenye mpya, pamoja na koki ya kumwagia maji. Vyote viwili huzibwa kwa oringi, yaani pete za raba, na oringi ikishakaa miaka kwenye joto la injini hukauka, ikawa bapa na ngumu kama kipande cha plastiki. Ikifungwa upande wa pili hailali mahali pake. Pia hutokea raba ya filta kuukuu ikabaki imeganda kwenye kichwa cha filta, mpya ikafungwa juu yake, na zikawa raba mbili zisizoziba kitu. Fungua filta mchana kweupe, pangusa kichwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, hesabu raba, na ununue oringi mpya kwa vyote viwili. Ni kazi ya nusu saa.

Sasa niwapime hao mafundi watatu, kwa heshima zote, kwa sababu kila mmoja amesema jambo linalotokea kweli katika magari mengine.

Aliyesema pampu imekufa ana hoja ambayo ushahidi wako unaikataa. Pampu ya VE iliyochakaa kichwa chake husumbua kinyume na gari lako: huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, kisha hukataa ikishapata moto, kwa mfano umesimama kunywa chai robo saa na kurudi. Sababu ni kwamba dizeli ya moto ni nyepesi zaidi, na kwa mwendo mdogo wa stata inatorokea pembeni mwa pistoni iliyolika badala ya kwenda kwenye nozeli. Fundi mzoefu huweka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, injini ikiwa imezimwa, na likiwaka baada ya kupoa hapo ndipo mashaka yanapokuwa na msingi. Gari lako mchana linawaka kwa mguso mmoja. Kumbuka pia kwamba katika 1HZ huwezi kung'oa pampu bila kuvua mkanda wa taimingi, na kuirudisha kunahitaji kupanga wakati wa kupuliza dizeli kwa kipimo. Ukiikabidhi kazi hiyo kwa mtu asiye na kipimo, unaweza kuingia na tatizo moja na kutoka na mawili.

Aliyesema nozeli: nozeli mbovu hugonga, hutoa moshi, na hutikisa injini ikiwa imetulia. Hazijali tenki likiwa nusu au limejaa, na hakuna nozeli inayopona kwa kubonyeza pampu ya mkono. Mwombe aeleze uhusiano huo, akishindwa, subiri.

Aliyesema mafuta machafu ana nusu ya ukweli. Uchakachuaji tunaufahamu, na tangu mwaka 2010 mafuta ya hapa nchini yamekuwa yakitiwa vinasaba ili dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa itambulike. Mafuta ya taa hupunguza ulainishaji, na pampu yako haina oili ya kwake, inalainishwa na dizeli ileile inayoipitisha. Lakini dizeli mbaya husumbua mchana na usiku, mlimani na tambarare, haingoji alfajiri. Kinachonifanya nisimwache kabisa fundi huyu ni uchafu. Vumbi, kutu ya tenki na ule utelezi mweusi unaoota mahali maji yanapokaa chini ya dizeli huziba chujio dogo ndani ya tenki, au kile kichujio cha wavu kilichomo kwenye bolti ya kuingizia mafuta kwenye pampu. Njia ikiziba nusu, pampu hunyonya kwa nguvu zaidi, na tundu dogo la hewa lililokuwa limelala huamka. Kwa hiyo usishangae ukikuta makosa mawili yanasaidiana. Fungua koki ya chini ya filta, mwaga kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie dakika kumi: maji yatakaa chini kama mstari, na takataka utaziona kwa macho.

Kabla ya kuuacha mlima, uangalie moshi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kutoka Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, takriban mita 2,300, utapoteza kama asilimia tisa hata gari likiwa zima kabisa, na utaona moshi mweusi ukikanyaga sana kwa sababu dizeli ni nyingi kuliko hewa. Hilo si ugonjwa. Ila gari likishtuka na kuishiwa nguvu bila moshi wowote, basi dizeli ndiyo isiyofika. Kadhalika asubuhi: mwombe mtu asimame nyuma unapopiga stata. Moshi mweupe ukitoka kwenye eksozi na injini inataka kushika lakini inatetemeka, dizeli inafika ila haishiki moto, na hapo utazame plagi za kupasha joto, ambazo huonekana mbovu zaidi kwenye baridi ya Julai. Kusipotoka moshi hata kidogo, rudi kwenye hewa.

Sasa vipimo. Cha kwanza hakigharimu hata shilingi: usiku mmoja egesha gari pua ikiwa juu, usiku mwingine pua ikiwa chini. Wewe unaishi Arusha, na ukiwa pande za Ilboru au Sakina mteremko hautafutwi. Likilala pua chini na likawaka vizuri, kisha likilala pua juu likagoma, dizeli inarudi tenkini usiku, na hewa ina mlango. Cha pili, safarini: gari likikosa nguvu mlimani, tafuta mahali salama pa kuegesha, uzime, ufungue mfuniko wa tenki taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa kwa sauti, tundu la kupumulia la mfuniko limezibwa na vumbi, na tenki limekuwa likishindana na pampu. Mfuniko wa kubahatisha usiopumua ni kosa la bei ndogo ambalo limewahi kuwavulisha watu pampu nzima. Na kabla hujaufunga, bonyeza pampu ya mkono. Ikiwa ngumu mara moja, vema. Ikibaki laini hata baada ya mibonyezo mingi, kuna hewa, au vali zake zimechoka, au raba yake ya ndani imepasuka. Na ukikuta kichwa chake kimezama chenyewe huku injini ikizunguka kwa resi kubwa, kuna kizuizi kati yake na tenki.

Kipimo cha tatu ndicho nisichowahi kukiruka. Nunua mpira mweupe unaoonyesha ndani, kama ule ambao mafundi ujenzi huujaza maji kupimia usawa wa msingi, wenye upana unaolingana na wa gari. Uweke kwa muda kati ya filta na pampu, ufunge klipu vizuri, pampu kwa mkono mpaka ujae, kisha washa. Mapovu machache ya mwanzo ni ya kawaida. Baada ya dakika tano za resi ya wastani dizeli inapaswa kupita bila povu, kiasi cha kutojua kama inatembea. Ukiona shanga za mapovu zinakimbia kuelekea pampu kila unapokanyaga, umeiona hewa kwa macho yako, na hakuna atakayekubishia. Usiuache mpira huo kudumu; dizeli na joto huukakamaza.

Kisha dumu. Jaza dizeli safi kwenye dumu safi, liweke juu kuliko pampu na mbali na eksozi, utie humo mpira wa kuingiza mafuta kwenye pampu pamoja na ule wa kurudisha. Usisahau wa kurudisha: pampu hii hurudisha mafuta mengi, na ukiuacha umwage kwenye tenki la gari dumu litakwisha haraka nawe utadhani umegundua jambo jipya. Acha gari usiku kucha likiwa hivyo. Asubuhi likiwaka bila kupampu, pampu ni nzima kiasi cha kutosha, na kosa liko nyuma yake. Kwa jaribio la mlimani fundi alifunge dumu imara, msiende na abiria, na mlima mfupi unatosha. Likipona, sogeza dumu nyuma hatua kwa hatua: unganisha kabla ya filta, kisha kwenye mwanzo wa bomba la chuma, kisha pale linapotokea tenki. Mahali ambapo ugonjwa unarudi, kosa liko kati ya hapo na hatua uliyotoka. Ikiwa halirudi hadi unapounganisha tenki lenyewe, shusha kipimo cha mafuta pamoja na bomba lake la kunyonyea na ulitazame juani.

Nimewahi kupokea gari kama lako ambalo pampu yake ilikuwa imeshang'olewa na kurudishwa mara mbili, kila mara kwa fedha nyingi, na asubuhi bado lilikuwa linagoma. Mpira mfupi unaounganisha bomba la chuma na filta ulikuwa mweusi na mzuri kwa nje. Nilipolegeza klipu na kuukunja kati ya vidole, palipokuwa pamefunikwa na klipu pakafunguka nyufa nyembamba zilizozunguka mpira mzima, kama nyufa za kisigino wakati wa kiangazi. Hazikuwa zimedondosha kitu. Mpira ule haukufika urefu wa shibiri. Mwenye gari alikaa kimya muda mrefu akiushika, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaomba mafundi vijana waukunje kila mpira kabla ya kushika spana kubwa.

Kuna njia ya mkato ambayo utashauriwa: kufunga pampu ndogo ya umeme karibu na tenki ili isukume. Haki yake niiseme, inafanya kazi, kwa sababu njia ikianza kusukumwa hewa haiingii tena. Badala yake dizeli itaanza kudondoka palipopasuka, na mara nyingine mimi mwenyewe huitumia hivyo kutafuta tundu. Lakini kama dawa ya kudumu siipendi kwa gari lako. Ikisukuma kwa nguvu kuliko pampu ya VE ilivyozoea, inaweza kupitisha dizeli kwenye sili ya shafti mbele, na dizeli ikilowesha mkanda wa taimingi umeanza kuhesabu siku za injini. Kwa jirani mwenye Land Rover yenye injini ya 300Tdi maelezo ni tofauti: injini hiyo ina pampu ya kunyanyulia iliyofungwa kwenye injini, kwa hiyo baada ya pampu hiyo mvujo utauona kwa unyevu. Vilevile HJ75 za zamani zenye injini ya 2H zina pampu ya mstari na pampu ya kulishia pembeni yake. Usikopi matibabu ya gari la rafiki bila kujua kama lake linavuta au linasukuma.

Dumu likishindwa kulitibu gari, yaani linaendelea kugoma na kuishiwa nguvu huku likinywa dizeli safi bila povu, nenda kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Mwombe aipime kabla ya kuifungua, akuonyeshe namba za kila silinda, kisha azionyeshe tena baada ya matengenezo, na akurudishie vipuri vilivyotolewa. Pampu ikitoka, mkanda wa taimingi ubadilishwe papohapo kama umekaribia kilomita 100,000 au hujui ulifungwa lini. Na ukikata filta kuukuu ukaona chembe zinazong'aa kama rangi ya fedha, simamisha gari bila kusubiri kipimo kingine, kwa sababu pampu inajila yenyewe. Hapo ndipo ningemwunga mkono fundi wako wa kwanza.

Usalama nao nauandika kwa mkazo. Usitafute mvujo kwa kidole kwenye mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli; dizeli ya hapo hutoboa ngozi, na jeraha lake huonekana kama alama ya sindano isiyouma huku ndani nyama inaharibika. Likikutokea, nenda hospitali saa ileile, ueleze ni dizeli ya mgandamizo. Usinyonye dizeli kwa mdomo. Usikubali mtu apulize spirei ya kuwashia au kushika kitambaa cha petroli mdomoni mwa njia ya hewa, kwa kuwa plagi za kupasha joto zinaweza kuiwasha kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Na mpaka utakapopata jibu, tafadhali usipandishe wageni mlima wa Mto wa Mbu kwa gari hilo. Gari linaloshtuka kwenye kona huku lori likikufuata nyuma ni hatari kwa watu waliokukabidhi maisha yao. Azima au kodi jingine kwa safari hizo. Pia kila siku unayoiendesha pampu nzima kwa povu unaipunguzia ulainishaji, na unaweza kuifikisha kweli pale fundi wa kwanza alipoitangazia kifo.

Ukishapata mahali penyewe, badilisha mipira yote laini ya njia ya mafuta kwa pamoja, ya kwenda na ya kurudi, kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya dizeli, pamoja na klipu mpya za mviringo zisizokata raba. Mipira hiyo imezeeka pamoja, na wa pili hutafuta zamu yake baada ya wa kwanza. Kisha usilipime gari katika hali nzuri. Lipunguze mafuta hadi robo ya tenki, lilaze pua juu usiku wa kwanza na wa pili, na likiwaka kwa stata moja asubuhi zote mbili, pakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa wageni wako, mchukue fundi akae kando yako, mkapande mlima ule wa Mto wa Mbu mapema kabla magari hayajawa mengi, mguu ukiwa chini, mpaka juu.